Kabla hujanunua seva nyingine

"Dada, inazunguka tu."

Ujumbe ulinikuta jikoni, Mbezi, jioni ya mechi ya watani wa jadi, maharage ndiyo kwanza yanaanza kuchemka. Aliyeandika ni kijana wa zamu. Huduma yetu ilikuwa ndogo, mahali pa kubandika picha, kutaniana na kubishana kuhusu mpira, na leo haipo tena, kwa hiyo sitaitaja jina. Wiki moja nyuma tulikuwa tumelipia seva mbili za ziada, yaani kompyuta za kuhudumia programu, kwa ajili ya siku ile ile. Goli la kwanza likaingia, programu ikagoma kwenye simu za watu wote, ya bosi ikiwamo.

Nikafungua kompyuta kwenye meza ya kukatia vitunguu. Seva tano za mbele zilikuwa zimekaa tu, prosesa hazifiki hata asilimia 10. Aliyekuwa hoi ni kanzidata, ghala la taarifa zetu zote, na hizo seva mbili mpya tulizojivunia zilikuwa zimemwongezea mzigo, maana kila moja ilikuja na miunganisho yake 50 na kugonga mlango ule ule mmoja. Nikaitisha orodha ya maswali yaliyokuwa yanaendelea ndani ya kanzidata. Karibu mistari yote ilifanana: hesabu laiki za picha namba fulani. Ilikuwa picha ya goli. Kila aliyeifungua alikuwa anaiagiza kanzidata ihesabu upya tangu laiki ya kwanza, maelfu kwa maelfu ya mistari, ili tuandike namba moja ndogo chini ya picha. Wakati huohuo wengine wanabonyeza moyo, wanaongeza mistari ya kuhesabiwa.

Maharage yaliungua. Kuondoa ile namba chini ya picha kulituchukua dakika 40, kwa sababu hatukuwa na namna ya kuizima bila kubadilisha programu na kuipandisha upya, na njia ya kuipandisha ilipita kwenye seva zilezile zilizokwama.

Nakuandikia wewe ambaye programu yako imeanza kupata watu na simu zimeanza kukuamsha usiku. Nikikukuta umeshafungua ukurasa wa malipo ya seva ya tatu, nitakuuliza kwanza: ni kazi gani inafanyika wakati mtu anasubiri, na je, ni lazima ifanyike wakati huo?

Swali hilo limewahi kuwatesa wakubwa kuliko sisi. Twitter ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006. Machi 2007, kwenye tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas, twiti zilipanda kutoka kama 20,000 kwa siku hadi 60,000. Leo namba hizo zinachekesha, lakini baada ya hapo hawakupumzika. Mwaka 2008 watumiaji walikuwa wameshamzoea yule nyangumi mweupe aliyechorwa na Yiying Lu, anayebebwa na ndege wadogo wa rangi ya chungwa, aliyejitokeza kila huduma ilipozidiwa. Watu wengi walilaumu lugha iliyotumika, Ruby, na mpaka leo utasikia vijana wakibishana hivyo. Wahandisi wao wenyewe walieleza mwezi Mei 2008 jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: Twitter kimsingi ilikuwa mfumo wa kupeleka ujumbe, lakini ilijengwa kama mfumo wa kuchapisha makala kwenye tovuti. Makala huandikwa mara moja na kila msomaji anaona ukurasa uleule. Kwenye mtandao wa kijamii kila mtu ana ukurasa wake peke yake, unaobadilika kila anapotazama.

Kwa hiyo kabla ya lolote, kaa chini uandike kwa sentensi moja programu yako inafanya kazi gani hasa. Sisi tuliandika "kuonyesha picha". Tulikosea. Ilikuwa kuhesabu na kugawa taarifa.

Pima, na usidanganywe na wastani

Bosi wetu alikuwa na ubao wa kuonyesha wastani wa muda wa kufungua ukurasa, na wastani ule ulikuwa mzuri siku zote. Piga hesabu nami. Watu 1,000 wamefungua ukurasa. 990 wamesubiri sekunde 0.2, na 10 wamesubiri sekunde 20. Wastani ni sekunde 0.4 hivi. Nani atashtuka? Lakini wale kumi mara nyingi ndio wenye marafiki wengi na picha nyingi, yaani ndio wanaowaleta wengine. Panga muda wote kuanzia mfupi hadi mrefu, uangalie aliye wa 990 na wanaomfuata. Hao ndio watakaokwambia kesho kutakuwaje.

Soma logi, yale maandishi ambayo seva huandika kuhusu kila ombi, hata siku ambayo hakuna shida. Instagram ilipofunguliwa Oktoba 2010 ilipata watu 25,000 siku ya kwanza, na miongoni mwa vitu vilivyowasumbua ilikuwa kipicha kile kidogo cha alama ya tovuti ambacho vivinjari hukiomba vyenyewe. Hawakukiweka, na kila ombi la kitu kisichokuwapo likawa linaishia kwenye programu yao. Ni jambo la kuchekesha mpaka likupate.

Washa pia orodha ya maswali ya polepole kwenye kanzidata yako. Kama ni MySQL inayo, kama ni PostgreSQL inayo. Kila Jumatatu asubuhi chukua matano ya juu, usizidishe. Ukikuta swali linalosoma jedwali zima kutafuta mstari mmoja, weka faharasa kwenye safu inayotafutwa, ni kama ile ya nyuma ya kitabu inayokupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa. Nimeona sekunde nane zikawa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde kwa mstari mmoja wa amri, na hakuna pesa iliyotumika. Ila usiweke faharasa kila mahali kama chumvi. Kila faharasa ni kazi ya ziada wakati wa kuandika.

Mtu aondoke mlangoni

Mtu akipandisha picha, anachohitaji kujua ni kimoja tu: imepokelewa. Kuipunguza ukubwa, kutengeneza nakala ndogo, kuwajulisha wafuasi, kuongeza hesabu, hayo yote yaende kwenye foleni na yafanywe na programu nyingine nyuma ya pazia. Twitter walianza na foleni waliyoiandika kwa Ruby, ikiitwa Starling, kisha wakaibadilisha na Kestrel, iliyoandikwa kwa lugha nyingine, Scala. Wewe huhitaji kuandika ya kwako. Zipo za bure na zimekomaa.

Nilichojifunza kwa machungu ni kwamba foleni inaficha ugonjwa. Programu inajibu haraka, kila mtu anafurahi, kumbe nyuma kuna kazi laki mbili zimelala. Usipime urefu wa foleni peke yake. Pima umri wa kazi iliyo mbele kabisa. Foleni ya kazi 5,000 inayokwenda haina neno. Foleni ya kazi 30 ambayo ya kwanza ina dakika 25 ni dharura. Halafu kila kazi ipewe namba yake, ili ikifanywa mara mbili kwa bahati mbaya mtu asipate arifa mbili. Itafanywa mara mbili, amini. Mimi niliwahi kumtumia mama mmoja arifa 14 kwamba binti yake kabadilisha picha.

Upike kabla, au upike mgeni akifika?

Hapa ndipo penye utamu wa mambo haya, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Mtu anafungua programu, anataka kuona walichoandika anaowafuata. Una njia mbili. Ya kwanza: anapofungua, unazunguka kwa kila anayemfuata, unakusanya, unapanga kwa saa, unampa. Kuandika ni rahisi, kusoma ni ghali. Ya pili: kila mtu anapoandika, unachukua namba ya andiko lake na kuiweka kwenye orodha ya kila mfuasi wake. Orodha inakuwa imeshaiva. Mtu akifungua unampakulia tu.

Twitter walikwenda njia ya pili. Kwa maelezo ya mhandisi wao Raffi Krikorian, mfumo ulikuwa unasomwa kama mara 300,000 kwa sekunde ilhali twiti mpya zilikuwa elfu chache tu kwa sekunde. Ukiwa na wasomaji wengi kiasi hicho kuliko waandishi, bora uchoke wakati wa kuandika. Wakaweka orodha ya kila mtu kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa Redis, programu ya kutunza data humo, namba 800 za mwisho tu, na si maandishi yenyewe. Aliyepotea muda mrefu hakutunziwa orodha. Akirudi, anapikiwa upya.

Kisha akaja mwimbaji Lady Gaga. Alikuwa na wafuasi milioni 31, na twiti yake moja ilimaanisha kuingiza namba kwenye orodha milioni 31. Kazi hiyo iliweza kuchukua hadi dakika 5. Matokeo yake ni kituko: mtu mwenye wafuasi wachache anamjibu Gaga, jibu linafika kwa watu kabla ya twiti inayojibiwa. Dawa waliyoizungumzia ni kuchanganya njia zote mbili. Watu wa kawaida wanapikiwa kabla. Mashuhuri hawasambazwi, andiko lao linachotwa na kuchomekwa mtu anapofungua.

Wewe huna Gaga. Lakini una ukurasa wa timu yenye mashabiki wengi, au mchekeshaji, au mhubiri. Andika leo, kwenye karatasi, ukurasa mkubwa kuliko wote kwenye huduma yako una wafuasi wangapi, na mkubwa wa pili. Kwetu wa kwanza ulikuwa na 61,000 na wa pili 4,000. Baada ya kuona hivyo tulijua kwamba tatizo letu lilikuwa mtu mmoja, na tukamtengea njia yake kwa mchana mmoja wa kazi. Tungeanza kujenga upya mfumo mzima tungemaliza mwaka.

Kache, na kundi linalokimbilia kisima

Kache ni kuweka jibu karibu ili usimsumbue mwenye nyumba kila mara. Kila mtu atakushauri uiweke, na ni ushauri mzuri. Wasichokwambia ni siku jibu lile linapokwisha muda. Watu elfu kumi wanalihitaji kwa sekunde ileile, hawalikuti, wote wanakimbilia kanzidata, kisima kimoja. Facebook waliwahi kujiangusha kwa namna hiyo Septemba 2010 kwa saa mbili na nusu hivi: mfumo wao wa kusahihisha mipangilio mibovu ulikuta thamani mbovu palepale penye chanzo, kila mashine ikakimbilia kanzidata kuomba iliyo sahihi, na kila kosa likazaa maombi zaidi. Ilibidi wazuie watu wasiingie kwanza ndipo kanzidata ipumue.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Muda wa kuisha usiwe sawa kwa vyote. Kama ni dakika 10, ongeza sekunde za bahati nasibu ili visife pamoja. Na jibu likikosekana, atumwe mmoja tu kuchota, wengine wapewe la zamani au wasubiri kidogo. Picha ya wasifu ya dakika tano zilizopita haijawahi kumdhuru mtu.

Simu za watu si zako

Usiku ule wa mechi kulikuwa na kosa jingine, na lilikuwa langu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwenye programu ya simu: ukikosa jibu, jaribu tena baada ya sekunde moja. Ikawa kila simu iliyokosa jibu inageuka kuwa mgongaji wa mlango asiyechoka. Hata tulipoondoa hesabu za laiki, seva zilibaki zimejaa kwa robo saa kwa sababu ya maombi ya marudio.

Kujaribu tena kuwe hivi: sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na kila muda uchanganywe na bahati nasibu kidogo ili simu elfu hamsini zisigonge kwa mdundo mmoja. Baada ya mara tano, acha, mwambie mtu ukweli na umwekee kitufe abonyeze mwenyewe. Lifanye hili kabla ya toleo la kwanza. Seva unaweza kuirekebisha saa tisa usiku, lakini toleo lililo kwenye simu ya mtu linakaa huko miezi, maana watu wetu hawamalizi bando kwa ajili ya kusasisha programu ya mpira. Toleo langu bovu niliendelea kuliona kwenye logi mwaka mzima.

Weka pia ukomo wa kusubiri kila sehemu inapozungumza na nyingine. Usipoweka, sehemu moja ikichelewa inashikilia zote zilizo juu yake, na utadhani kila kitu kimekufa kumbe aliyelala ni mmoja.

Swichi

Tengeneza orodha ya vitu unavyoweza kuvizima huduma ikabaki na maana. Hesabu za laiki, "nani yuko hewani", mapendekezo ya marafiki, utafutaji, picha za ukubwa kamili. Kila kimoja kiwe na swichi inayosomwa kutoka sehemu nyepesi, ambayo kijana wa zamu anaweza kuibonyeza bila kuandika mstari wa programu na bila kuniuliza mimi. Panga ni ipi ya kwanza kuzimwa. Panga mchana, mkiwa mmeshiba, kwa sababu usiku kila mtu atatetea alichokijenga.

Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 Twitter walifikia twiti 2,940 kwa sekunde Japani ilipoifunga Kameruni, na mwezi ule huduma iliyumba sana. Sehemu ya tatizo, walieleza wenyewe, ilikuwa mtandao wa ndani uliozidiwa na uliokuwa haufuatiliwi vya kutosha. Kati ya walivyofanya ni kupunguza kiwango cha maombi ambayo programu za nje ziliruhusiwa kutuma. Watu walinung'unika, lakini ni afadhali kuliko nyangumi.

Kugawa kanzidata, ikibidi kabisa

Hili liahirishe. Nasema hivyo nikijua kuna mtu atanibishia. Kugawa data kwenye mashine nyingi kunakuondolea mambo uliyoyazoea, la kwanza likiwa namba za maandiko zinazofuatana. Twitter ilipofika hapo, mwaka 2010, walitengeneza Snowflake: namba ya biti 64, ambamo biti 41 ni muda kwa milisekunde, 10 ni utambulisho wa mashine na 12 ni mfuatano ndani ya milisekunde hiyo. Mashine nyingi zinatoa namba bila kuulizana, na bado ukizipanga unapata mpangilio wa muda kwa karibu sana.

Ukifuata njia hiyo, jihadhari na mtego huu: JavaScript, lugha ya vivinjari, haishiki sawasawa namba nzima zinazozidi 9,007,199,254,740,992. Tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya, na mtu anafuta andiko lake kumbe amegusa namba ya mwingine. Ndiyo maana Twitter waliongeza namba hiyo hiyo kwa umbo la maandishi. Tuma namba kama maandishi tangu siku ya kwanza, hata kama bado una kanzidata moja.

Funguo zisibaki ndani

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, anwani zao zikafutika kwenye intaneti, na zana ambazo wahandisi wangetumia kurekebisha zilikuwa zinategemea mtandao uleule uliokufa. Sisi huku tulikuwa na kundi la zamu kwenye WhatsApp. Siku ile nilitazama lile kundi bubu nikajiuliza, na sisi tukianguka leo, nani atamwambia nani? Tangu hapo namba za watu wa zamu ziko kwenye karatasi, ubavuni mwa friji, pamoja na anwani za seva na jina la mtu wa kampuni ya umeme wa jengo. Nywila haziko hapo, usinifikirie vibaya.

Na kama unahitaji moyo: Agosti 2013, filamu ya katuni ikionyeshwa kwenye televisheni Japani, twiti 143,199 ziliingia ndani ya sekunde moja, wakati kawaida ilikuwa kama 5,700. Huduma haikutetereka. Kufikia hapo walikuwa wamehamisha sehemu kubwa ya kazi kutoka programu moja kubwa ya Ruby kwenda huduma ndogondogo, na mashine moja iliyokuwa ikihudumia maombi 200 hadi 300 kwa sekunde sasa ilihudumia 10,000 hadi 20,000. Nyangumi alistaafishwa mwaka huohuo. Iliwachukua miaka.

Sisi mechi iliyofuata tuliingia na seva tatu, pungufu ya mara ya kwanza. Wiki mbili kabla tulituma maombi ya uongo usiku, mara kumi ya kawaida, mpaka kitu kikavunjika, tukakitengeneza, tukavunja tena. Siku yenyewe nilikaa sebuleni. Dakika ya 60 hivi kijana wa zamu akaandika: "Dada, nimezima hesabu za laiki, kanzidata iko asilimia 70, wewe endelea kupika." Nilikuwa sipiki, nilikuwa naangalia mpira.

Malalamiko yalikuja moja tu. Kaka mmoja wa Temeke aliandika kwa hasira akitaka kujua kwa nini picha yake imegoma kwenye laiki 41 tangu saa kumi na mbili.